Kampala: Namna ya kuchunga pesa ya kikundi katika mji wa wenyewe

Wengi wenu mlituuliza habari za Kampala, na swali lililorudi mara nyingi si la majumba wala barabara. Mliuliza: pesa mlibadilisha wapi, na ilifika yote? Tunajibu hapa, kwa sababu vikundi vingine vya Butembo na Beni vinajitayarisha kutuma watu wao.

Tulikuwa watatu. Wamama 32 walichanga dola 20 kila mmoja, jumla dola 640, ili tununue vitambaa, uzi na zipu kwa ajili ya atelye ya kushona. Pesa ya njia ilikuwa kando, katika mfuko mwingine. Huo ndio utaratibu wa kwanza: pesa ya kikundi haiguswi kwa chai wala kwa pikipiki. Mifuko ikichanganyika, hata mtu mwaminifu hawezi tena kutoa hesabu iliyonyooka, na maneno yanaanza.

Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kila nchi ina pesa yake bado. Ukivuka Kasindi na kuingia Mpondwe, mambo mawili yanageuka: saa na noti. Saa ya Uganda iko mbele ya saa yetu kwa saa moja. Kama kwetu ni saa 8 mchana, kwao ni saa 9. Mwenye kutaka kufika ofisi ya kubadilisha pesa kabla haijafungwa afanye hesabu kwa saa ya kule.

Mpakani makambisti wanakufuata wakiwa na noti mkononi. Wengine ni watu wazuri na wanasaidia, kwa maana faranga zetu ni afadhali kuzimaliza pale. Kampala ni nadra kumpata mtu wa kuzitaka. Lakini siku ile dola moja mpakani ilikuwa shilingi 3,400, na huko mbele tulijua itapanda. Basi tulibadilisha dola 40 tu, za njia: shilingi 136,000 kwa basi na chakula. Kambisti alihesabu haraka, akakunja, akatuambia basi linaondoka. Tulisimama palepale tukahesabu mmoja baada ya mwingine. Noti moja ya 20,000 haikuwamo. Hatukupiga kelele, tulimrudishia fungu lote ahesabu mwenyewe mbele yetu, naye akaongeza iliyopungua. Dola zetu zilikuwa bado mkononi mwetu. Msiachilie pesa yenu kabla ya kumaliza kuhesabu ya mwenzenu.

Kutoka Mpondwe mpaka Kampala kupitia Kasese na Fort Portal ni zaidi ya kilometa 400. Barabara ni ya lami, unapita katikati ya mbuga ya Queen Elizabeth, kisha unaona mashamba ya chai karibu na Fort Portal. Mtu analala, anaamka, anasahau alichobeba. Sisi tulilala kwa zamu. Pesa ya kikundi tuligawanya mara tatu, kila mmoja na sehemu yake ndani ya nguo, imefungwa kwa kitambaa na kushonewa. Mama ambaye kazi yake ni kushona hakosi sindano.

Kampala yenyewe ni mji wa vilima na wa watu wengi. Karibu na kituo kikubwa cha taksi liko soko la Owino, na si mbali sana iko Kikuubo, njia nyembamba ya maduka ya jumla ambapo wabeba mizigo hawakungoji utoke njiani. Vitambaa tulivikuta Kiyembe. Lakini tusiende sokoni kwanza. Twende kwenye pesa.

Kwenye Kampala Road na barabara za karibu kuna ofisi nyingi za kubadilisha pesa, zenye kibali cha Benki Kuu ya Uganda. Kila moja ina ubao wenye safu mbili. Safu ya kwanza ni bei wanayonunulia dola yako, ya pili ni bei wanayokuuzia. Ya kwanza ni ndogo siku zote, na tofauti ndiyo faida yao. Wewe unayeleta dola angalia safu ya kununua. Tulipita ofisi nne bila kutoa pesa, tukiuliza tu, kisha tukachagua. Kuuliza hakulipiwi.

Sasa jambo lililotuumiza kichwa. Bei ya ubaoni ilikuwa 3,600, lakini ilikuwa ya noti za 50 na 100. Noti za 5, 10 na 20 walizipokea kwa 3,450. Noti za zamani zenye kichwa kidogo wengi hawazitaki kabisa, na noti yenye wino au mhuri inakataliwa au inapunguzwa. Katika dola zetu 640, noti kubwa zilikuwa 500 na ndogo zilikuwa 140. Hesabu ni hii:

500 mara 3,600 ni 1,800,000.
140 mara 3,450 ni 483,000.
Jumla ni 2,283,000.

Kama zote zingekuwa noti kubwa, tungepata 2,304,000. Shilingi 21,000 zilipotea kwa ajili ya noti ndogo. Na noti ndogo ni za nani? Ni za wenzetu wanaouza mboga na makala, wanaochanga kidogo kidogo mpaka zitimie 20. Mmoja wetu aliuliza kama hasara iandikwe kwa walioleta noti hizo. Tulizungumza juu yake usiku kwenye nyumba ya wageni. Mwishoni tulikubaliana kwamba mwenye kuchanga dola 20 amechanga dola 20, na hasara ni ya kikundi kizima. Kikao cha Jumamosi kilipitisha neno hilo. Tangu sasa mtunza hazina atatafuta noti kubwa hapa Butembo kabla ya safari, kwa wenye maduka wanaohitaji noti ndogo za kurudishia wanunuzi wao.

Hata hivyo, kama tungebadilisha zote mpakani, tungepata shilingi 2,176,000. Tuliokoa 107,000, karibu dola 30.

Noti za shilingi zijifunzeni kwa rangi: 1,000 ni ya kahawia, 2,000 ya buluu, 5,000 ya kijani, 10,000 ya zambarau, 20,000 nyekundu, 50,000 ya manjano. Hata hivyo hesabuni sifuri. Magizani 5,000 na 50,000 zinadanganya jicho lililochoka.

Masikio nayo yanadanganya. Kwa Kiganda, bei unauliza hivi: “Ssente mmeka?” Akijibu “lukumi”, msikilizaji wa Kiswahili anasikia kumi, kumbe ni elfu moja. “Omutwalo gumu” ni elfu kumi, “emitwalo ebiri” ni elfu ishirini, na “akakadde” ni milioni. Kama hamkuelewa, mpeni muuzaji simu aandike bei. Hakuna haya. Na pikipiki, yaani boda boda, bei inakatwa kabla ya kupanda.

Kuhusu pesa ya simu: Uganda wanatumia MTN na Airtel, na kila unapotoa pesa kuna malipo ya kampuni pamoja na kodi ya serikali ya nusu kwa mia. Ni njia nzuri kwa mwenye kuogopa kutembea na fungu, lakini weka malipo hayo katika hesabu yako mapema.

Mwisho, msibadilishe zote siku moja. Shilingi zikibaki, kuzirudisha kuwa dola unanunua kwa safu ya pili, na unapoteza mara ya pili. Sisi tulibadilisha kwa siku mbili, kufuatana na vitu vilivyokuwa kwenye orodha, na karatasi ya kila ofisi tuliihifadhi. Karatasi hizo ziko ndani ya daftari la kikundi pamoja na zile za maduka. Mwanachama yeyote anaweza kuja kuziangalia. Kikundi kinachotaka kutuma watu mwezi ujao kije pia, tutawaonyesha hesabu ukurasa kwa ukurasa.