KOKOA YETU NA KIKOMBE CHETU

  

Katika toleo hili tumependa kuzungumzia kitu ambacho kila mmoja wetu hapa Kyela anakifahamu kwa macho, lakini ni wachache wanaokifahamu kwa ulimi. Kitu hicho ni kokoa. Tunaiona imeanikwa kwenye vichanja na mikeka, tunasikia harufu yake kali kama ya siki inapovundikwa, na tunapishana na baiskeli zilizobeba magunia yake. Lakini tukiuliza darasani nani amewahi kunywa kokoa ya shamba la kwao, mikono inayonyooshwa inahesabika kwa vidole. Mwanafunzi wetu mmoja alituuliza, "Ustadhi, kumbe ile ya kopo dukani inatokana na hizi punje tunazoanika?" Tukamwambia ndiyo, mti ni mmoja. Akacheka, akadhani tunamtania.

Ndipo tukaazimia kuwaonyesha kwa vitendo. Kipupwe kilipoingia, mvua kubwa za masika zimekwisha na upepo wa mwera unavuma kutoka ziwani, tukaanza kupika kokoa nyumbani siku za mapumziko, pamoja na watoto wetu na baadhi ya wanafunzi wanaoishi jirani.

JE, NI ISRAFU?

Kabla hatujafika mbali, mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri. Alisema kwa upole, lakini alimaanisha: "Ustadhi, kokoa ndiyo ada ya mtoto. Mkiwazoesha kuinywa, mnawazoesha kunywa ada."

Neno hili si la kupuuzwa. Familia nyingi hapa hazina fedha nyingine ya uhakika. Mkulima hupeleka kokoa kavu kwenye chama cha msingi, inapimwa, inasubiri mnada, na ile fedha inapopatikana huwa imeshapangiwa kazi: sare, madaftari, dawa ya bibi, bati la jikoni. Kwa hiyo tulimjibu mzee wetu kwa Qur'an, si kwa maoni yetu. Katika Surat Al-An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu anataja bustani, mitende, mazao, mizeituni na mikomamanga, kisha anatuelekeza mambo matatu kwa pamoja: tule matunda yake yanapozaa, tutoe haki yake siku ya kuvuna, na tusifanye israfu. Angalieni mpangilio huo, ndugu zangu. Kula kumetajwa, na mpaka wake umetajwa papo hapo.

Kisha tukapima. Tunda moja la kokoa huwa na punje zipatazo 30 hadi 40, na punje moja kavu ina uzito wa gramu moja hivi. Kuwanywesha watu sita kunahitaji punje zipatazo 80, yaani matunda mawili au matatu. Hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya kilo moja. Mzee alizitazama punje zile kiganjani, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi hizi nitawaletea mimi."

NAMNA TUNAVYOTAYARISHA

Mahitaji kwa watu sita: viganja viwili vya kokoa kavu iliyovundikwa vizuri, maji lita moja, maziwa nusu lita, kijiti cha mdalasini, iliki nne, karafuu mbili, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, na sukari kwa kiasi.

Kwanza, chagua punje. Zenye ukungu, zilizochipua na zilizotobolewa na wadudu zitupwe. Kokoa iliyoanikwa kando ya barabara ya magari isitumike, kwani hushika vumbi na moshi.

Pili, kaanga kwenye chungu au kikaango kikavu kwa moto wa wastani, ukigeuza bila kuacha, kama unavyokaanga karanga. Baada ya dakika 15 hadi 20 maganda huanza kupasuka na harufu ya siki huondoka, ikaja harufu nyingine ambayo watoto wote hukimbilia jikoni kuiuliza.

Tatu, menya na upepete kwa ungo, kisha twanga kwenye kinu zingali moto. Hapa ndipo subira inapohitajika. Mwanzoni utaona unga mkavu, na mtwangaji anaweza kudhani kazi imekwisha. Endelea. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, nayo hutoka taratibu mpaka ule unga ugeuke rojo zito linalong'aa. Rojo hilo unaweza kulifinyanga matonge ukayahifadhi. Katika visiwa vya Karibi, kama Grenada na Saint Lucia, watu hufanya hivyo hivyo: matonge ya kokoa yenye mdalasini na kungumanga hukunwa na kuchemshwa asubuhi, nao huyaita chai ya kokoa.

Nne, chemsha maji na viungo vilivyopondwa, tia rojo kidogo kidogo huku ukikoroga, acha lichemke dakika kumi, kisha ongeza maziwa na sukari. Chuja, halafu mimina kutoka jagi moja hadi jingine kwa kuinua juu, mpaka litoke povu. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati, ambao walikunywa kokoa kabla ya watu wa Ulaya kuijua, nao walikuwa wakiimimina hivyo ili kupata povu. Wao walitia pilipili, wala hawakuwa na sukari ya miwa.

Msishangae mkiona mafuta yanaelea juu. Ya kopo haielei mafuta mengi kwa sababu imekamuliwa. Mwaka 1828 huko Uholanzi ilisajiliwa mashine ya van Houten ya kukamua mafuta ya kokoa, na unga unaobaki ndio unaotiwa kwenye makopo. Yetu imebaki na mafuta yake yote.

KIKOMBE HAKISEMI UONGO

Siku moja mwanafunzi alileta punje za kwao. Kwa nje zilikuwa nzuri. Tulizikaanga na kutwanga kama kawaida, lakini kinywaji kilikuwa kichungu cha kukwaruza koo, na harufu ya ukungu ilishinda iliki na mdalasini vyote. Mtoto yule aliona haya. Hatukumkemea. Tulipasua punje zilizobaki, tukamwonyesha: ndani zilikuwa za kijivu na zimeshikana, hazikuwa na rangi ya kahawia wala mipasuko.

Tukamweleza kwamba kokoa haipati ladha yake mtini. Ladha huzaliwa katika kuvundika. Ute mweupe huchacha, joto ndani ya sanduku hupanda hadi kufikia nyuzi 45 au 50, punje hufa, na uchungu wake hupungua. Hilo linataka siku tano hadi saba, na kugeuza ili hewa ipenye. Kisha huanikwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia saba. Anayeharakisha, au anayeanua ikiwa bado na maji, huikaribisha kuvu, hasa kwetu ambako mvua ni nyingi.

Mtoto alirudi nyumbani, akamweleza baba yake. Baba yake alitusimulia baadaye kwamba alikuwa akivundika siku tatu tu kwa sababu ya dhiki ya fedha, na kwamba msimu uliofuata alisubiri siku sita. Tulimshukuru Allah. Miaka yote mzee yule alikuwa akiuza kitu ambacho hakuwahi kukionja.

Hapa pana somo la dini pia. Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Kuchanganya kokoa mbovu na nzuri ndani ya gunia moja, au kuiacha na unyevu ili izidi uzito mizanini, ni kumpunja mnunuzi, hata kama hatumjui wala hatutamwona.

Nanyi vijana, mwaka 2024 bei ya kokoa duniani ilipita dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, baada ya mavuno ya Ivory Coast na Ghana kupungua kwa maradhi ya miti na hali mbaya ya hewa. Baadaye ilishuka. Lakini bei inapopanda, vishawishi navyo hupanda. Mtu atakuja kukunong'oneza kwamba matunda mawili ya shamba la jirani si kitu. Wewe uliyekaanga, ukamenya na ukatwanga mpaka mikono ikauma, unajua ndani ya matunda mawili mna kazi ya nani.

ADABU ZA KUNYWA

Tusiseme kwamba kokoa ni sunna, kwani hatuna dalili. Tangawizi imetajwa katika Surat Al-Insan, aya ya 17, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa Peponi, na hilo linatosha kutufurahisha tunapoinusa. Sunna imo katika unywaji: kaa, taja jina la Allah, tumia mkono wa kulia, usipulize ndani ya kikombe bali subiri kipoe, na mwisho mshukuru Mola wako. Wadogo wasinywe usiku, kwani huchelewesha usingizi na Alfajiri isije ikawapita.

Na kabla ya kumimina cha pili, peleka kikombe kwa jirani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuzidisha maji ya mchuzi ili jirani apate. Jirani zetu wengi ni Wakristo, nao ni jirani kamili. Mama mmoja wa jirani, ambaye amepalilia kokoa tangu ujana wake, alikinywa chote, akageuza kikombe, akasema, "Ndaga fijo." Kisha akauliza tulichotia. Tukamwambia ni ile ile anayoianika yeye, na tangawizi.

Tunamwomba Allah abariki mashamba yetu, atujaalie rizki ya halali na mizani ya haki, na awafanye watoto wetu waaminifu. Amin.