Taa nyekundu na manjano ya mtoto

Siku ya tatu macho ya kichanga yaligeuka manjano. Bibi yake, wa hapo Mbamba Bay, akasema atolewe nje aote jua la asubuhi. Baba mtoto, aliyeko Mbinga mjini kwenye kahawa, akapiga simu: mtandaoni inauzwa taa nyekundu, inatibu ngozi, maungo, hata manjano. Atume fedha?

Mama mtoto alimfunika mwanawe khanga, akaenda zahanati.

"Taa wanayotumia hospitali ni ya bluu, mama," muuguzi alimwambia. Mwanga wa bluu hubadili bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu, ipate kutoka kwa choo na mkojo. Mwekundu hauiwezi kazi hiyo. Una yake: umesaidia vidonda vya kinywa kwa wagonjwa wanaotibiwa saratani. Wauzaji ndio wanaoupa kila ugonjwa.

Bibi hakuwa mbali sana. Mwaka 1956 huko Uingereza, muuguzi Jean Ward wa Hospitali ya Rochford alikuwa akiwatoa watoto njiti juani, akaona ngozi iliyopigwa na jua imepungua manjano. Ila jua halina kipimo, na kichanga huungua upesi.

Bilirubini ikipanda mno huharibu ubongo na usikivu. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, hakuna kungoja kesho. Huyu alikuwa ameanza kususa.

Fedha za taa zilitumwa. Zikawa nauli ya kwenda hospitali, damu ikapimwe.