Uso wa Matroni

Karibu maisha yangu yote ya kazi yamepita katika wodi ya wazazi: kwanza nikiwa mkunga wa zamu, kisha muuguzi mfawidhi, na hatimaye matroni wa hospitali ya mkoa. Vijana huniuliza kiongozi wa wauguzi anahitaji nini kuliko vyote, na hutarajia nitaje elimu, nidhamu au huruma. Vyote hivyo vinahitajika. Lakini kitu nilichokiona kikiokoa roho za watu, na kukosekana kwake kukizipoteza, ni kiongozi kujijua. Ajue kwamba yeye akiingia wodini, watu hubadilika vipi.

Ushahidi wangu ni karatasi moja ambayo kila mkunga anaifahamu, patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Chanzo cha sura yake tuliyoitumia ni kazi ya watafiti Philpott na Castle, waliyoichapisha mwaka 1972 kutoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Baada ya mkutano wa Nairobi wa 1987 kuhusu uzazi salama, Shirika la Afya Duniani likaieneza kote. Sura hiyo ina mstari wa tahadhari unaopanda sentimita moja ya kufunguka kwa mlango wa kizazi kwa saa, na saa nne mbele yake kuna mstari wa kuchukua hatua. Mkunga anapima mlango wa kizazi, anasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, anaweka alama. Alama zikivuka mstari wa kwanza, akili ziamke. Zikifika wa pili, daktari awe ameshaitwa. Karatasi hii haina maana yoyote isipojazwa uchungu ukiendelea.

Mfawidhi wangu wa kwanza alikuwa mkunga hodari kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Mtoto aliyetanguliza makalio alimtoa kwa utulivu ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Akiwapenda wagonjwa, alipenda kweli. Naye alijihesabu kuwa mama wa kila muuguzi kijana pale. Vijana wenyewe walikuwa wakisikia viatu vyake ukumbini, mazungumzo yanakatika. Akisikia habari mbaya aliuliza neno moja tu, “Nani?” Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuwa mletaji wa habari mbaya.

Patografu za wodi yake zilikuwa safi mno. Alama zimepangika, mistari imenyooka, mapigo ya moyo wa mtoto ni 140, 140, 140, usiku kucha. Moyo wa mtoto anayezaliwa haupigi hivyo. Karatasi zile zilijazwa alfajiri, akina mama wakiwa wameshajifungua, ili ripoti ya asubuhi ipite bila maswali. Wakaguzi walizisifu. Yeye mwenyewe alistaafu akiamini wodi yake haikuwa na siri. Nani angemwambia? Kwetu mkubwa haambiwi kwamba anaogopwa. Huamkiwa shikamoo na kupishwa njia.

Aliyemfuata alikuwa wa kawaida tu mkononi, lakini alijifahamu. Siku za mwanzo kabisa alitueleza: “Mimi kazi ikizidi sauti yangu hupanda. Sina hasira na mtu. Mkiona imepanda, niambieni, na mgonjwa msimwache.” Tukamjaribu, tukaona hakulipa kisasi. Taratibu patografu zikaanza kuharibika sura: wino wa rangi mbili, nafasi tupu, alama zinazovuka mstari, na kando yake saa ambayo daktari aliitwa, hata saa tisa usiku. Taarifa za matukio mabaya ziliongezeka katika vitabu, na wakubwa wa juu wakadhani wodi imeoza. Haikuwa imeoza. Ilikuwa imeanza kusema.

Miaka mingi baadaye nilikuta jambo hilohilo katika utafiti wa Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa 1996. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache zaidi ya dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume. Alipochunguza, aliona sababu inayoelekea zaidi ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyataja.

Zamu yangu ya kuongoza ilipofika, nilijua nina uso mzito. Nikisikiliza kwa makini, paji hukunjamana, na asiyenizoea hudhani nimekasirika. Uso sikuweza kuubadilisha, lakini mazoea niliweza. Ripoti ya zamu nikawa naipokea nikiwa nimeketi, sawa na anayeitoa. Swali langu la kwanza likawa, “Usiku nini kimekutia wasiwasi?” Nikamwomba pia mama mmoja mhudumu, mzee wa wodi, aniambie ninavyoonekana. Alikuwa akinivuta pembeni: “Sista, leo umeingia na uso wa msiba. Watoto hawa hawatakuambia kitu.” Nami nilirudi nje, nikavuta pumzi, nikaingia upya. Sijapata mshauri wa uongozi aliyemzidi mama yule.

Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mfumo wa wazi wa kutathmini watumishi mwaka 2004, OPRAS, kuchukua nafasi ya taarifa za siri, nilifurahi sana. Kabla yake mtumishi aliandikiwa mambo asiyoyaona. Sasa alijipa alama mwenyewe, msimamizi wake akampa zake, kisha wakaketi kukubaliana. Pale penye tofauti kati ya alama hizo mbili ndipo mtu hujifunza jinsi anavyoonekana, na mimi niliyatumia mazungumzo hayo kwa moyo wote. Lakini fomu ilikuwa na upungufu ambao bado unaniuma: ilitazama chini tu. Muuguzi kijana hakuulizwa popote kuhusu anayemwongoza, na yeye ndiye aliyekuwa na habari hizo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waganga wafawidhi, makatibu wa afya na halmashauri zinazoteua viongozi wa wodi. Cheti mkitazame, na miaka ya kazi mwihesabu. Kisha, kabla ya kutia saini barua ya uteuzi, nendeni usiku mkawaulize wakunga wa zamu na wahudumu swali moja: mtu huyu akiwa zamu, mambo yakiharibika, mnamwita au mnamficha?