Mstari wa Mama

Wageni wakija kwangu hutazama rafu ya riwaya. Rafu ya chini huwachanganya. Pale nimepanga vitabu vidogo vya mfukoni ambavyo havikutungwa na mwandishi yeyote: Soldbuch za mabaharia wa Kriegsmarine, jeshi la majini la Ujerumani enzi za Hitler. Soldbuch ilikuwa daftari la mshahara na kitambulisho kwa pamoja. Wazee wetu Kenya wangeielewa haraka, maana nao walivalishwa kipande shingoni, kikisema wewe ni nani na mzungu wako anakulipa ngapi.

Naishi Hamburg, kwa hiyo vinanifikia kirahisi. Wauzaji hubandika vikaratasi juu ya swastika, maana sheria hapa hairuhusu kuianika ovyo. (Ndugu zangu hudhani nafuatilia Königsberg, ile manowari iliyofia Rufiji mwaka 1915. Hapana jamani, hiyo ni vita nyingine.)

Ukikifungua, unakutana na karani. Karani kaandika kimo, rangi ya macho, kundi la damu, kipimo cha barakoa ya gesi, urefu wa kiatu, chanjo, meno, likizo. Mwenye kitabu kaweka sahihi tu. Mihuri mara nyingi haitaji meli. Inataja namba ya posta ya kivita yenye herufi M mbele, ili adui akikiokota asijue mwenyewe alitokea wapi. Nusu ya raha ya kukusanya ni kukaa usiku na orodha za namba hizo, ukifumbua chombo kimoja kimoja.

Soko lenyewe lina roho ya ajabu. Cha mtu wa nyambizi kinauzwa ghali kuliko cha mpishi wa bandarini, hata kama cha mpishi kina mengi zaidi ya kusoma. Matokeo yake ni kughushi: picha inabadilishwa, beji inaongezwa, sahihi ya nahodha maarufu inachorwa. Mimi huanza na pini. Picha iliyobanwa miaka ya 40 lazima iwe imeacha alama ya kutu upande wa pili wa ukurasa. Halafu taa ya urujuanimno: karatasi ya kisasa huwaka buluu, ya zamani hubaki imefifia. Na kuna hesabu nyingine. Kati ya watu takriban 40,000 waliotumikia kwenye nyambizi, takriban 30,000 hawakurudi, na Soldbuch ilikuwa ya kutembea nayo mwilini. Ukiniletea cha mtu aliyezama Atlantiki, kikavu, safi, nataka maelezo kabla sijatoa pochi.

Lakini ninachotaka kukisimulia hasa hakina nyambizi. Ni cha fundi mitambo wa meli ndogo ya kufagia mabomu ya baharini. Ukurasa wa jamaa wa karibu una nafasi ya mke, ya wazazi, na ya ndugu au mchumba. Kwake mke hayupo. Wazazi wapo, baba na mama, anwani ni Hammerbrook, Hamburg. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1943 mtaa ule uliteketea katika tufani la moto la mabomu ya Waingereza; mji mzima ulipoteza watu zaidi ya 30,000 wiki ile. Kwenye ukurasa wa likizo kuna ruhusa maalumu ya Agosti 1943. Kisha kwenye ukurasa wa jamaa, kwa wino mwingine, anwani imekatwa, jina la baba limekatwa, na pembeni karani kaandika kijiji cha mbali. Mama kabaki.

Nimekisoma mara nyingi na kila mara namhurumia. Halafu nakumbuka Liepāja, Latvia. Mwaka 1941 Wayahudi walipigwa risasi pale ufukweni, na mtu wa jeshi hilihili la majini alisimama akapiga filamu. Hadithi kwamba mabaharia walikuwa safi, kwamba uchafu ulikuwa wa SS peke yao, bado inapendwa sana na wakusanyaji wenzangu. Soldbuch haina safu ya mambo uliyoyaona. Ina safu ya soksi. Fundi wangu huenda hakuwahi kukanyaga Latvia, na huenda alifika. Daftari halinisaidii, nami sitaki huruma yangu kwa mama yake ijibu swali hilo kwa niaba yangu.

Kwa hiyo picha yake siiweki mtandaoni, wala jina. Ukoo wake ukitokea na kukidai, watakipata bila malipo. Mwezi uliopita muuzaji mmoja aliniomba nikiuze, akatoa bei nzuri tu, kisha akauliza kina beji gani. Nikamwambia hakuna, kuna likizo moja na anwani iliyokatwa. Akashusha bei.