Soweto na Madirisha Yetu

Tangu chama chetu kituonyeshe sinema ya Sarafina! muhula uliopita, kuna maneno yanayozunguka kidato cha tatu kama nzi: "Hata sisi tufanye kama Soweto." Husikika hasa siku ambayo githeri imekuja na mawe. Mimi yananikera, na nitasema kwa nini.

Kwanza, Sarafina! haikuzaliwa sinema. Ulikuwa mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma, uliotungwa na Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, Hugh Masekela akishirikiana naye katika muziki. Ulichezwa Johannesburg mwaka wa 1987, na mwaka uliofuata ukafika Broadway kule New York. Wakati huo Mandela alikuwa bado gerezani! Sinema ilitoka 1992, yeye ameshafunguliwa. Leleti Khumalo aliyekuwa Sarafina jukwaani ndiye huyo huyo tuliyemwona, na Miriam Makeba ndiye mamake.

Mchezo wenyewe sijauona. Lakini sisi tunaoenda tamasha za drama tunajua, jukwaani mtu "hufa" kisha unamwona nyuma ya pazia akinywa soda. Kwa sinema huna pa kukimbilia. Kamera inakuletea uso wa mtu hadi puani. Wakati wa nyimbo tulikuwa tukipiga madawati kama ngoma. Wanafunzi walipomchoma konstebo Sabela, maabara yote ikawa kimya. Mmoja wetu nyuma akapiga makofi. Jirani yake akamwambia, "We, huyo ni mtu."

Sasa hebu tuulizane, wale wa Soweto waliandamana kwa nini? Serikali ya ubaguzi iliamuru hesabu na masomo mengine yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya waliowatawala. Tarehe 16 Juni 1976 wakatoka maelfu, na polisi wakawafyatulia risasi. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12. Ndugu yangu mdogo ana 12.

Na sisi? Mwaka juzi madirisha ya madarasa mawili yalivunjwa hapa kwa sababu ya mtihani wa moku. Kila mzazi akatozwa. Mama yangu huuza sukuma wiki. Pesa alizolipia vioo zilikuwa za sare ya dada yangu, naye akamaliza muhula na sketi iliyotiwa viraka. Mimi jiwe sikushika. Basi mtu akiniambia hiyo ilikuwa Soweto, nitamcheka, ama nitakasirika, inategemea siku.

Lakini walimu wetu wapendwa, nanyi nina neno nanyi, kwa heshima. Nasikia chama hakitaonyesha sinema tena, ati Sarafina! inafundisha migomo. Jamani! Mwalimu Mary Masombuka, yule aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, alifundisha historia ambayo serikali haikuitaka. Akakamatwa na hakurudi. Wanafunzi wake hawakumsahau kwa sababu alikubali kuulizwa maswali. Siku ile sisi tulitazama, taa zikawashwa, kengele ikalia, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyetuuliza kitu kuhusu yule konstebo, na yule aliyepiga makofi akaenda na makofi yake.

Ombi langu ni kwamba ionyeshwe tena, kidato cha kwanza wakiwemo kwa maana hawajaiona. Tukifika pale kwa Sabela, projekta isimamishwe tuzungumze, hata kama ni kugombana. Ijumaa baada ya michezo inatosha. Ufunguo wa maabara uko kwa mwalimu wa fizikia.