Sikukuu za Desemba Katika Nchi ya Kikoneni

Msafiri atokaye Likoni kwa barabara kuu ya Lunga Lunga hupita Diani na Msambweni, na kabla ya kufika mpakani huiacha bahari nyuma yake na kushika njia ya bara kwenda Kikoneni. Huko minazi haikomi, lakini huchanganyika na miembe, mikorosho na mashamba ya mahindi, na vilima vya Mrima na Jombo haviko mbali. Wenyeji wa nchi hii ni Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu; pamoja nao wakaa Waduruma na Wakamba, na kati ya hao wamo Wakristo wengi. Wote hao huishi kwa jembe, na wote huingojea Desemba.

Desemba ni mwanzo wa kaskazi. Jua ni kali, embe zaiva, korosho zaokotwa, na pale ambapo mvua ya vuli ilikuwa njema, mahindi mabichi huanza kuchomwa jikoni. Shule zimefungwa. Kila jioni gari hushusha kijana atokaye Mombasa, na watoto hukimbilia mzigo wake kabla hawajamwamkia. Lakini wako wazazi wangojao bure. Mwana aliye mpishi au mtumishi katika hoteli za Diani hapati ruhusa mwezi huo, kwa maana ndio mwezi wa wageni wengi. Mama yake humwekea fungu lake, hata likachacha. Na hao wageni wamzuiao mwanawe asije nyumbani, wengi wao wameikimbia baridi ya kwao.

Baridi hiyo yafaa ijulikane, kwa kuwa ndiyo mama wa sikukuu nyingi za Desemba duniani. Mjini London, tarehe 21 Desemba, jua huonekana kwa muda usiotimia saa 8, kisha giza huingia. Kadiri mtu aendavyo kaskazini, ndivyo mchana unavyopungua, hata mahali pengine jua halichomozi kabisa kwa siku nyingi. Basi watu wa nchi hizo, tangu zamani, walipouona usiku umefika kikomo cha urefu wake, waliwasha moto, wakakaa pamoja, wakaingoja nuru irudi.

Kila taifa lina desturi yake. Nchini Sweden, tarehe 13 Desemba, wasichana huvaa nguo nyeupe, na mmoja wao huvaa taji la mishumaa kichwani, kwa ukumbusho wa Mtakatifu Lucia. Nchini Iran, usiku ulio mrefu kuliko zote huitwa Yalda. Jamaa hukesha kwa wazee wao, wakila komamanga na matikiti. Wajapani siku hiyo huoga maji ya moto yaliyotiwa ndimu za kwao zenye harufu nzuri. Wayahudi huwasha taa kwa siku 8, wakiongeza mwali mmoja kila usiku. Na Wajerumani ndio walioanza kuleta nyumbani mti usiopukutisha majani na kuupamba, desturi ambayo baadaye ilienea hata Afrika. Katika pwani ya Kenya, wasio na mti huo hukata tawi la mvinje, nalo lapendeza vile vile.

Lakini baridi haikuleta sikukuu peke yake. Ilileta na hesabu. Mkulima wa Ulaya wa zamani alijua kwamba ardhi yake itaganda kwa miezi mingi. Alizihesabu nyasi alizozikausha, akawahesabu ng'ombe na nguruwe wake, na wale ambao chakula hakikuwatosha aliwachinja kabla ya baridi kuu. Nyama nyingine ilitiwa chumvi, nyingine ikaliwa kwa furaha. Mbegu ya mwaka ujao haikuguswa. Karamu ile, ijapokuwa kubwa, ilikuwa karamu ya mtu aliyekwisha hesabu ghala yake. Asiyehesabu hakuiona karamu ya pili, maana njaa ilimkuta katika theluji.

Kikoneni haina mwalimu huyo mkali. Mahali hapo pako karibu na mstari wa ikweta, upande wake wa kusini, hata tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi katika mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Tena Desemba ndipo mchana ulipo mrefu. Muhogo hubaki ardhini hadi utakapotakiwa, na nazi huangushwa mwaka mzima. Kwa hiyo ni rahisi kwa mtu kudhani kwamba hana haja ya kuhesabu. Wazee hawakudhani hivyo. Walilihifadhi hindi darini, juu ya jiko, ili moshi ulilinde na fukusi, na hindi la mbegu lilikuwa na mahali pake pasipoguswa na mtoto wala mgeni.

Siku ya Krismasi yenyewe husherehekewa Kikoneni kwa namna ambayo wageni wengi hawaijui. Mkristo anunuapo mbuzi, mara nyingi humwita jirani yake Mwislamu aje kuchinja, ili nyama iwe halali kwa kila atakayekaribishwa. Nyumba moja hupika wali wa nazi, nyingine chapati, na sahani zilizofunikwa hupita vichochoroni mikononi mwa watoto. Ifikapo Idi, sahani hizo hurudi zimejaa. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Idi huzunguka majira yote. Mwaka 2000 Krismasi iliangukia katika siku za mwisho za Ramadhani, na Idi ikafuata siku chache tu baadaye. Mwaka 2030 yatazamiwa kwamba Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wenye kupelekeana sahani watakutana tena.

Iko sikukuu moja ya majira ya baridi ambayo majina yake yangeeleweka Kikoneni bila mfasiri. Mwaka 1966, nchini Marekani, Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa kwa ajili ya Wamarekani wenye asili ya Afrika. Jina hilo latokana na maneno "matunda ya kwanza", na siku zake ni 7, tangu 26 Desemba hadi 1 Januari. Hutandikwa mkeka, huwekwa kinara cha mishumaa 7, na hindi moja kwa kila mtoto wa nyumba. Kila siku ina neno lake la Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Huko Chicago, huku theluji ikianguka nje, mtoto huweka mkekani hindi lililonunuliwa dukani. Kikoneni, katika juma hilo hilo, mtoto hukaa juu ya mkeka uliosukwa na bibi yake, akila hindi alilolivunja mwenyewe shambani. Yule wa kwanza huambiwa maana ya hindi. Huyu wa pili aghalabu hakuna amwambiaye.

Nayo maana hiyo yahitajiwa sana, kwa sababu nyuma ya Desemba yaja Januari. Shule hufunguliwa, karo, vitabu na sare hudaiwa kwa siku moja. Baada ya hapo hufuata miezi ya jua, kisha masika, na shamba hutaka mbegu. Wako wakulima ambao, kwa haraka ya kupata nguo na nyama za sikukuu, huwauzia madalali embe zingali changa mtini. Dalali huja na lori embe zikiiva, na mwenye mwembe husimama akitazama mali yake ikichukuliwa kwa bei aliyoikubali siku ya haja. Mvua nazo hazina ahadi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu 5 ya mvua ilipungua mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya, na Kaunti ya Kwale ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Aliyekula mbegu yake katika Desemba ya miaka hiyo alijuta upesi.

Hakuna amwombaye mtu asifurahi. Nyumba isiyo na sikukuu ni nyumba ya huzuni, na mzazi aliyengoja mwaka mzima astahili kumwona mwanawe akila. Lakini wako Kikoneni wenye nyumba ambao, kabla ya kununua mbuzi, hukaa jioni moja na wake zao na wana wao waliorudi kutoka mjini, wakatenga kwanza karo, kisha mbegu, na kinachobaki ndicho cha karamu. Pengine hubaki cha kuku wawili tu, na kuku hao huliwa kwa amani.

Na wako wana ambao, sikukuu ikiisha, hawaondoki na gari la kwanza. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi siku ya tatu mwana huyo huvua viatu vya mjini, akamfuata baba yake shambani kwenda kuvunja mahindi ya vuli. Mama yake huwaona kutoka mlangoni, wawili wakienda, naye hurudi jikoni kuchochea moto ulio chini ya dari.