Magamba ya Kioo ya Kilwa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi huyajua majina haya kwa kuyasikia kinywani mwa utingo: Tingi, kisha Nangurukuru, na kwa mwenye kukata kushoto kuelekea baharini, Kivinje na Masoko. Pande iko kusini zaidi, kwa mwenye haja nako. Ni majina ya vituo, na ya watu kushushiwa mizigo yao. Walakini tangu mwaka 2006 manne kati yake yamepata kazi ya pili. Wanajiolojia waliokuwa wakichoronga ardhi ya pwani hii waliyapa matabaka ya miamba majina hayo: Nangurukuru chini kabisa, juu yake Kivinje, kisha Masoko, na Pande ikawa ya juu, yote kwa pamoja yakaitwa Kundi la Kilwa. Tingi, ambako ndiko nilikokaa siku nyingi kuliko kwingine, haikupewa tabaka. Nilipomweleza hivyo mwenyeji wangu alinijibu kwamba Tingi ina barabara, na barabara yatosha.

Watu wa mbali wakiyataja mawe ya Lindi hutaja mifupa ya Tendaguru, ile mijusi mikubwa iliyofukuliwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin. Siwalaumu, mfupa uliomzidi mtu kimo hauhitaji mtetezi. Mimi moyo wangu umeangukia kitu kidogo mno. Kundi la Kilwa, kwa sehemu kubwa, ni udongo wa mfinyanzi uliotuama chini ya bahari tangu madinosaria wangali hai hadi yapata miaka milioni 33 iliyopita. Ndani ya udongo huo mmejaa magamba ya foraminifera, viumbe vya seli moja, ambavyo vingi vyao huelea baharini na kujijengea nyumba ya kabonati ya kalsiamu, yaani madini yale yale ya chokaa. Aghalabu gamba moja ni dogo kama punje ya mchanga, au dogo zaidi. Chini ya darubini magamba ya Kilwa yanang'aa, nayo nuru hupenya ndani yake kama ipenyavyo kwenye kioo. Kung'aa huko kulikuja kumaliza ubishi mkubwa, na ndiko kulikonishughulisha.

Kwani kabonati ina wazazi wengi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ni nyumba iliyojengwa kwa kazi ya viumbe hai: mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Lakini uendapo Songwe, kule Mbeya, utakuta mawe ya chokaa yaliyoachwa na maji ya chemchemi za moto. Hapo hapo Mbeya kuna kilima cha Panda, ambacho kalsaiti yake ilipanda kutoka tumbo la ardhi ikiwa uji wa moto. Na Ol Doinyo Lengai mpaka leo hutema lava ya kabonati, jambo lisilofanywa na volkano nyingine yoyote hai inayojulikana. Hutoka nyeusi kama lami, na kwa siku chache hupauka ikawa nyeupe. Uhai, maji, moto: kila mmoja hutengeneza kabonati yake, na baada ya miaka milioni kadhaa watoto hao huweza kufanana mno.

Tingi nilimkuta mwashi mmoja mzee, aliyepata kuchoma chokaa ujanani mwake. Nilimwuliza kama tanuri hulijua jiwe lililozaliwa na uhai na lile lisilozaliwa nao. Alinitazama kwa huruma.

"Tanuri halina macho, mdogo wangu. Tia tumbawe, tia jiwe la mlimani, ukishazima kwa maji utapata chokaa ile ile. Kama ni la kuuliza, uliza kabla ya moto."

Mabingwa wa elimu hii wangemkubali bila kusita. Taabu yao ni kwamba ardhi yenyewe ni tanuri, na mawe ya kale mno yameshapita motoni kabla ya yeyote kuja kuuliza. Mwaka 1865 John William Dawson wa Montreal aliutangazia ulimwengu mwamba wa Kanada wenye mistari ya kalsaiti nyeupe iliyopishana na madini ya kijani, tabaka kwa tabaka. Alisema ni kiumbe, akakiita Eozoon canadense, mnyama wa mapambazuko. Tena hakusema kiumbe gani tu: alisema ni foraminifera, jitu kubwa la ukoo ule ule wa hivi vidudu vya Kilwa. Darwin mwenyewe alimtaja katika chapa ya 1866 ya kitabu chake. Ubishi ukawaka karibu miaka thelathini. Mwaka 1894 mabwana wawili, Johnston-Lavis na Gregory, walionyesha mistari ya namna hiyo hiyo ndani ya vipande vya mawe ya chokaa vilivyorushwa na Vesuvius, volkano ya Italia, vikapikwa na joto lake. Jitu lile halikuwa kiumbe. Joto na madini vilitosha kulichora. Gregory huyo ndiye aliyekuwa amerudi punde kutoka kwetu, baada ya kulipita kwa miguu mwaka 1893 lile bonde ambalo alilipatia jina lake la Kiingereza, Bonde Kuu la Ufa. Dawson hakukubali mpaka anafariki, mwaka 1899. Nami namwonea imani. Si rahisi kumzika mtoto uliyemzaa kwa macho yako mwenyewe.

Mambo hayo hayakuisha na karne yake. Mwaka 2016 jopo lililoongozwa na Allen Nutman lilieleza kwamba miamba ya Isua, huko Greenland, yenye umri wa miaka bilioni 3.7, ina vichuguu vidogo vilivyojengwa na vijidudu baharini, vile viitwavyo stromatolaiti. Miaka miwili baadaye Abigail Allwood na wenzake walijibu. Walikuwa wamelitazama jiwe kwa upande ambao picha ya kwanza haikuuonyesha, wakaona kwamba vile vilivyodhaniwa vichuguu vilikuwa migongo mirefu, kama kitambaa kilichofinywa: kazi ya ardhi kubana na kukunja. Bado wapo wanaobishana. Napenda zaidi ile hatua yao ya kuligeuza jiwe. Mwenye kuona pembetatu tatu kwenye ukuta huona nyumba tatu. Akizunguka nyuma, huenda akaona paa moja refu la bati.

Kisa cha Kilwa kimekwenda kinyume cha visa hivyo viwili, ndiyo maana nakiona kigumu zaidi. Huko Kanada na Greenland watu walibishana kama umbo lilitokana na uhai. Kwa foraminifera zilizochimbuliwa kwenye sakafu ya bahari kuu hapakuwa na shaka yoyote juu ya umbo: vyumba vilivyojipanga, matundu ya ukutani, mlango, vyote ni vya kiumbe na kila bingwa angevitaja kwa jina. Kilichokuwa kimebadilika ni mwili. Kwa mamilioni ya miaka, katika maji baridi ya chini, chembe za kalsaiti aliyoijenga mnyama ziliyeyuka kidogo kidogo na mahali pake zikakaa chembe nyingine, kubwa zaidi, zisizojengwa na yeyote. Magamba hayo hayang'ai. Ni meupe mazito kama sukari. Lakini ukutani mwa gamba la Kilwa darubini kali huona chembe ndogo ndogo mno, jinsi zilivyowekwa siku ya kwanza. Udongo wa mfinyanzi hauruhusu maji kupita, na maji yasipopita hakuna wa kuleta chembe mpya.

Sisi wafasiri tunaijua hali hiyo. Nimesoma shairi lililohamishwa kutoka lugha moja kwenda nyingine likiwa na mizani kamili, vina vya kati na vya mwisho visivyo na dosari, hata kibwagizo kipo, na bado kila neno lililokuwa na damu limeondoka, pakaketi lingine la ukubwa ule ule. Mhakiki ahesabuye mizani hatagundua kitu.

Sasa, gamba hutumika kupima joto la bahari ya kale, kwa kulinganisha oksijeni nzito na oksijeni nyepesi iliyomo ndani yake. Gamba lililojengwa upya katika baridi ya chini husema habari za chini, ilhali msomaji anadhani linasimulia habari za juu, kwenye jua. Hivyo kwa miaka mingi vipimo vilidai kwamba katika zama za Kretasia ya mwisho na Eosini, ambapo ncha za dunia hazikuwa na barafu ya kutajika, bahari za tropiki zilikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu za Selsiasi. Yaani dunia nzima ilipashwa moto isipokuwa kwetu. Mahesabu ya wataalamu wa hali ya hewa yalikataa kwamba jambo hilo lawezekana, na magamba yakasimama kuwa shahidi dhidi yao. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya magamba ya kioo, ya Tanzania yakiwamo. Jibu lilikuwa nyuzi 28 hadi 32, au zaidi. Tropiki haikusazwa.

Kwa watu wa visiwani na mwambao hilo si jambo la maktaba. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yetu yalipauka na mengi yakafa, na wavuvi waliona kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Lau kungekuwa na ushahidi wa kweli kwamba bahari ya ukanda huu haipandi joto hata dunia ichemke, tungeushika kama hirizi. Ushahidi huo ulikuwapo kweli, umechapishwa na kurudiwa. Ulikuwa ni gamba halali lenye mwili wa kuazima.

Baada ya hapo, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli, visima visivyo virefu vilichorongwa kuanzia 2002 kati ya Kilwa na Lindi. Viwili vya Stakishari, upande wa Pande, vinasimulia wakati barafu ilipoanza kuivaa Antaktika, yapata miaka milioni 34 iliyopita. Humo wamo Hantkenina, foraminifera ambazo kila chumba kimeota mwiba. Unapanda nazo katika udongo, hatua kwa hatua, zikiwa safi na zinang'aa. Kisha zinakoma, na udongo unaendelea bila wao.

Nilipomsimulia hayo mwashi wa Tingi, aliniuliza swali moja tu: kama ile miiba nayo ilikuwa ya chokaa. Nikamwambia ndiyo, ya chokaa, na ndani ilikuwa na uwazi kama mwanzi.